Siku Niliyompa Mzee Simiyu Kitabu cha Katuni

Jameni, mimi mtu mzima mwenye cheti cha ualimu siku hizi nasali karibu na mlango wa kanisa, na yakianza maombi ya kufunga ibada natoroka, ndio nisikutane na Mzee Simiyu. Chekeni tu. Hata mimi ningecheka kama kosa halingekuwa langu.

Kwetu ni Sirisia lakini nafundisha gredi ya nne huku Saboti, na watoto wangu walikuwa wanaogopa kitabu kama sindano, mpaka siku niliyoenda Kitale nikanunua vitabu vya katuni vya mitumba, nikavitia kwenye boksi la sabuni nyuma ya darasa. Mwenyewe sikuamini! Nekesa, binti ya Mzee Simiyu, aliyekuwa akisoma kwa kunong'ona mwaka mzima, sasa akawa anakosa hata kucheza, anasoma kwa sauti ya fisi, kisha ya sungura, wenzake wamemzunguka.

Wazazi wakanung'unika, ati ada wanalipia michezo. Mwalimu mkuu akaniambia niwashawishi siku ya wazazi, la sivyo boksi liondoke.

Sasa sikieni ujanja wangu. Nikaamua mzazi mmoja wa kuheshimika asome na mtoto wake mbele ya watu, na nani kama Mzee Simiyu, mzee wa kanisa, ambaye kila Jumapili hufungua Biblia akasoma sura nzima bila kukwama (na bila miwani, nikimwonea wivu)? Sikumwambia mapema. Nilitaka iwe sapraizi.

Siku ya wazazi ikafika, nikamwita mbele pamoja na Nekesa, watu wakapiga makofi, akaja, akashika kitabu, akakigeuza huku na huku. Mimi na kiherehere changu nikadhani ni macho, nikamvalisha miwani yangu (ile ya fremu ya waridi), watu wakacheka kidogo.

Akakohoa. "Fisi anaambia sungura, kuja tukule pamoja."

Nekesa akaweka kidole kwenye maneno, uso umejaa furaha. "Hapana, baba. Hajasema hivyo. Amesema, 'Nipe mzigo nikusaidie.'"

Mwenye akili angekomea hapo. Mimi nikasema kwa sauti, "Mzee anatuchezea bana! Hebu tusomee hii ya chini."

Akaitazama picha ya chini. Jasho likamtoka, na ndipo nilipoelewa, nikatamani ardhi inimeze: zile sura zote za Jumapili alikuwa nazo kichwani. Nyuma huko mtu akauliza, "Kumbe kanisani huwa anasoma nini?" na kicheko kikaanza benchi moja, kikahamia la pili, kikafika mpaka kwa mwalimu mkuu. Nekesa alitazama watu, akatazama baba yake, akaondoa kidole polepole.

Mzee akavua miwani, akaikunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. "Asante, mwalimu. Macho yangu iko sawa."

Na msidhani boksi liliondoka. Lilibaki! Wazazi walisema wenyewe kwamba mtoto akimshinda mzee kusoma, basi hizo katuni zina kazi. Mwalimu mkuu alinipa mkono. Jumapili iliyofuata akasoma mtu mwingine kanisani, na tangu siku hiyo Mzee Simiyu hajafungua Biblia mbele ya watu.

Nimeapa sitampa mtu kitabu hadharani tena kabla ya kumuuliza faraghani, awe mzee, awe askofu. Lakini kiapo changu kimsaidie nani? Juzi nilimwambia Nekesa achague katuni atusomee. Akaweka kidole kwenye neno "fisi", neno alilokuwa akilisoma kwa kunguruma darasa zima likianguka kwa kicheko, akakwama.

"Nekesa, si hii unaijua?"

Akaniangalia machoni. "Siijui, madam."

Akafunga kitabu, akakirudisha kwenye boksi.