Maji ya Mvua kwa Pikapu

Dawa ya rejeta, ile ya kupoza injini, ikimwagikia chuma cha moto hunuka kama sukari inayoungulia sufuriani. Juzi hapa Kitengela mjukuu wangu alitaka kuongeza dawa kwa pikapu yangu kuukuu, mkono ukateleza, matone ya kwanza yakaangukia injini badala ya rejeta. Ile harufu ilinikuta jikoni. Nikatoka na mwiko mkononi nikaona mtungi alioshika: dawa nyekundu, na ndani ya rejeta yangu kuna ya kijani.

"Shosh, zote ni moja. Hiyo ni rangi tu."

"Basi kunywa wewe hiyo rangi. Kwa gari langu haiingii."

Gari la zamani lenye rejeta ya shaba hupewa ya kijani, na ukiichanganya na nyekundu utavuna uji humo ndani. Nilimwambia aurudishe mtungi alikoutoa. Akaenda akicheka, akiuliza nani alinifunza mambo ya magari na mimi shule niliachia njiani. Jibu ni refu, na vijana hawakai chini. Nyinyi mmekaa, kwa hivyo nitawaambia.

Baba alikufa nikiwa mdogo, bado nafungiwa vifungo vya sare. Tulikuwa tumetoka Ukambani tukahamia huku, na alituacha watatu kwa ile boma: mama, nyanya aliyemzaa baba, na mimi Ndinda. Aliacha pia pikapu. Mama alikuwa amefunzwa kuiendesha na baba mwenyewe, huko uwandani ambako hakuna kitu cha kugonga isipokuwa swara. Kila siku ya soko alipakia mahindi na maharagwe ya kununua kwa wakulima akapeleka Kajiado, na kina mama wa Kimaasai walikuwa wakimngoja. "Takwenya!" walimsalimu kwa lugha yao, naye "Iko!" akijibu kabla hata hajazima injini. Tulikula kutoka kwa hiyo pikapu. Hatukuwa na shamba la maana wala ng'ombe.

Halafu pikapu ikaanza kuchemka. Kabla ya kufika Isinya ilikuwa inatoa moshi mweupe kama jiko la kanisa siku ya harusi. Tulisimama kando ya barabara, tukangoja ipoe, mama akaongeza maji ya kisima, tukaenda kidogo, ikachemka tena. Mahindi yalifika soko likifungwa.

Baba mdogo Mutua, ndugu ya baba, alifanya kazi kwa timbo la kuchimba mawe. Mwenye timbo alikuwa akiitaka pikapu yetu. Mutua akaja nyumbani Jumapili, akakaa kiti cha baba, akasema, "Mama Ndinda, hii gari ilikufa na mwenyewe. Wacha tuuze."

"Mwenyewe ni nani?" mama akauliza. "Aliyekufa ni bwana yangu. Gari inakohoa tu."

"Mwanamke na gari ni wapi na wapi?"

"Ni hapa, shemeji. Si umekuja kwa miguu na utataka nikurudishe?"

Nyanya alificha kicheko ndani ya leso. Lakini Mutua hakuwa mtu wa kuachilia. Mwishowe walipatana mbele ya nyanya: siku ya soko inayofuata angepanda ile gari mpaka Kajiado. Ikichemka hata mara moja, inauzwa. Isipochemka, asiitaje tena.

Mama hakulala akiomba tu. Alichukua birika la chai, akatia kijiko ndani, akakwangua. Maji yetu ya kisima yalikuwa na magadi. Birika lilikuwa limeota ngozi nyeupe ngumu kama ganda la yai. Akanionyesha. "Kama birika ni hivi, na hilo gari linachemsha haya maji kila siku, tumbo lake liko namna gani?"

Alikamua ndimu kwa maji ya moto, akamimina kwa rejeta, akawasha injini, akaacha ingurume, akamwaga. Yakatoka mekundu ya kutu, na ndani yake magamba meupe. Akarudia mpaka yakatoka safi. Mikono yake ilinuka ndimu na chuma kwa siku nyingi, hata ugali ulinuka hivyo.

Mutua akaleta mtungi wa dawa ya kijani, eti msaada. Mama alichovya kidole, akasugua. "Dawa ya kweli inateleza kama sabuni na haikauki haraka. Hii imekauka kama mate ya mwongo. Ni maji ya rangi." Akaimwaga mbali na njia ya kuku, maana ile ya kweli ni tamu na huua, na hakutaka kubahatisha.

Tukaenda kwa duka la spea la Mzee Abdi, Msomali mwenye ndevu nyekundu za hina. Yeye hakugusa rafu kwanza. Aliuliza, "Rejeta yako ni ya shaba?" Mama akasema ndiyo. "Chukua kijani. Utachanganya na maji gani?"

"Ya kisima."

"Basi wacha, mama. Utaharibu dawa bure. Nusu dawa, nusu maji ya mvua."

Sasa sikieni. Kilikuwa kiangazi kibaya. Tangi letu la maji ya mvua lilikuwa limebaki na maji ya chini kabisa, na bomba lake lilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikaa shingoni mwa nyanya. Hayo yalikuwa maji ya kunywa na ya chai ya wageni, basi.

"Mtoto anywe magadi, chuma kinywe mvua?" nyanya alisema. "Nimezeeka nisikie hayo?"

Mama alinyoosha mkono, kiganja juu. "Mama, nipe ufunguo."

"Watu watasema nini?"

"Watasema. Nipe ufunguo."

Nilikuwa upande wa nyanya. Nilisimama nyuma ya gauni lake nikilia, kwa sababu maji ya kisima yalikuwa machungu ulimini na yale yalikuwa matamu, na mama yangu alikuwa anayapeleka kwa gari. Mkono wa mama haukushuka. Nyanya akavua uzi wa ufunguo polepole kama mtu anayevua pete, na mama akateka mtungi mmoja akachanganya na dawa.

Siku ya soko Mutua alikaa karibu na mlango, macho kwa geji ya joto. Mimi nilikuwa katikati. Tulipita Isinya. Jua lilikuwa la kupasua mawe, magunia yalikuwa mazito, na mlimani injini ililia sana. Mshale ukapanda kidogo. Mutua akakohoa.

"Inapanda, Mama Ndinda."

"Hata wewe ungepanda huu mlima na gunia ungetoka jasho."

Mshale ukasimama pale pale. Ukakaa. Tukafika Kajiado soko likiwa bado linapangwa. Mutua alishuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

"Ni moto!"

"Imechemka?"

Akaangalia chini ya gari akitafuta tone. Hakukuwa na tone. "Haijachemka," akasema. Akaondoka bila kuaga, na hakurudi kwa gari letu hiyo jioni.

Meno yangu yako na madoa ya kahawia, kama ya wengi tuliokulia huku kwa maji ya visima. Kuna jamaa waliosema mama yangu aliuza meno yangu kwa rejeta. Upuzi. Ule mtungi mmoja wa mvua haungetosha hata wiki, na kila mvua ilipokosekana tulikunywa ya kisima, miaka yote.

Nilikuja kumwelewa mama nikiwa mjane mwenyewe, wazee wa ukoo walipokuja kwangu kuamua ploti yangu itakuwa ya nani. Waliongea sana. Niliwasikiza mpaka mwisho nikasema hapana, na sauti haikutetemeka, nikashangaa imetoka wapi. Mama hakuwa anapigania pikapu pekee. Hakuweza kujua mimi nitakuja kunyang'anywa nini. Alihakikisha tu kwamba nikiwa mtoto nimeona mwanamke akinyoosha mkono, na mkono usishuke.