Moshi Ulioingia Kwenye Maziwa

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa nimeolewa juzi tu, ukungu umelala juu ya nyika ya Kajiado kama utando wa maziwa. Nilisikia pickup ya shemeji yangu Saitoti kabla sijaiona. Ilinguruma mpaka mbuzi wakatawanyika. Alikuwa amekata ule uvimbe wa chuma ulio kwenye ekzosi, mwanangu, ule uko na kitu kama sega la nyuki ndani, kazi yake kusafisha moshi. Fundi wa kando ya barabara alimwambia ndio unabana gari kuukuu lisivute. Na kweli, siku za kwanza lilivuta. Saitoti aliendesha kiwiko nje ya dirisha kama mtu ameoa tena.

Sisi wanawake wa boma tuliuza maziwa Kitengela kwa gari hilo, na hayo maziwa ndiyo yalisomesha watoto wa boma. Tuliyamimina kwenye mikebe injini ikiwaka, maana ikizimwa inasumbua kuwaka tena. Moshi mweusi ulituzunguka polepole. Nikiutazama ukipanda kwenye jua, karibu niuone mzuri.

Kumbe maziwa hunywa harufu. Si unajua tunavyofukiza vibuyu kwa makaa ya mti wa oloirien ili yanukie? Basi haya yalifukizwa na petroli. Mama Achieng wa hoteli, mteja wetu mkubwa, alionja, akatema, akauliza bila hata kukasirika, "Dada, mmekamua ng'ombe ama mmekamua trakta?" Akasema kesho tusilete.

Tulirudi nayo yote. Mama mkwe wangu, tuliyemwita Yeyo, alinusa mkebe mmoja, akauweka chini, akamwita mwanawe.

"Ng'ombe wako akikohoa, huwa unamkata pua?"

Saitoti akaangalia viatu.

"Nimekuuliza."

"Hapana, Yeyo."

"Basi tafuta kikohozi."

Fundi mwingine alipofungua injini, alikipata. Ilikuwa inakula oil, oil inaungua, masizi yakaziba lile sega. Kulitoa kulifungulia moshi njia tu, ugonjwa ukabaki. Tena wakati wa kukata waliacha kinaning'inia kile kidude kinachoonja moshi na kuambia injini ichukue petroli kiasi gani. Ikawa inakunywa bila kujua imeshiba. Ilitengenezwa, sega lingine likafungwa, lakini Mama Achieng alikuwa ameshapata maziwa kwingine. Muhula huo watoto wa boma walikosa karo, wakakaa nyumbani wakichunga.

Sasa wewe mwanangu uko na gari la zamani hapo Kitengela, na mtu anakuambia toa hii, gari litapaa. Muulize kwanza imezibwa na nini. Angalia oil, angalia plagi, angalia moshi wako ni wa rangi gani. Sega likiwa limekufa, weka lingine. Usidanganywe na nguvu ya wiki moja. Na huo moshi unaoacha nyuma, kuna mtu anauvuta.

Enkai, Mungu wetu, akutangulie barabarani. Injini yako ipumue vizuri, nawe ufike, ukute watoto wako wameshiba. Itikia baraka: Naai.