Muthokoi ya Kutupa kwa Maji

Hapana. Mtu akiniambia Chairman Nzioka alitolewa kwa sababu ya uchoyo, hapo tutakosana. Juzi hapa sokoni Kikima, mahali nauza avokado siku hizi, jamaa mmoja alikuwa anachagua zake huku anacheka. Akaniuliza, "Kwani si wewe ulikuwa unavua na yule mzee wa dam? Yule aliona afadhali samaki ishibe kuliko watu?" Nilimrudishia pesa yake nikamwambia akanunue kwingine. Halafu nikakaa nikafikiria, labda huyu hajui ile kazi ilikuwa inafanywa namna gani. Wengi hawajui. Basi wacha nieleze. Sijafika miaka arobaini, lakini kwa hiyo kazi mimi nimestaafu.

Siku ya kwanza nilifika pale dam, huko chini ya Kwa Vonza, nikiwa nimetoka kuchunga mbuzi. Kwetu hakuna mtu alikuwa amewahi kuvua. Baba yangu hata kula samaki alikataa, alisema inafanana na nyoka. Chairman, ambaye alikuwa anaongoza kikundi chetu cha wavuvi, alinipata upande ule mwingine nikipiga maji na fimbo. Nilikuwa naswaga samaki ziende kwake, vile unaswaga mbuzi ziingie boma.

"Kijana, hiyo ni nini unafanya?"

"Nakuletea, Chairman."

"Mbuzi ukipigia kelele inakimbilia wenzake. Hii ukipigia kelele inaenda kulala chini kwa matope mpaka jioni. Kuja uketi."

Tukaketi. Siku hiyo hatukupata kitu, na hakuniambia neno lingine baya.

Kwa ile dam kulikuwa na samaki mbili za maana. Moja ni kambare, ile haina magamba, ina sharubu ndefu kama paka. Hiyo haisumbui. Unatafuta mahali ukingo umeliwa na maji, chini kuna matope na mizizi, unaangusha ndoana mpaka iguse chini. Chambo ni matumbo ya kuku, ama kipande cha sabuni ya kufulia. Ndiyo, sabuni. Kambare inafuata harufu, na maji yakiwa machafu baada ya mvua ndio inakula vizuri.

Ya pili ni carp. Hiyo ina magamba makubwa ya rangi ya shaba, na mdomo wake unatoka mbele kama wa mtoto anataka kunyonya. Carp ina akili. Haimezi chakula, inafyonza, inaonja, inatema. Ukivuta kamba mara ya kwanza ikitingika, umevuta hewa. Unaacha. Inarudi. Kamba ikianza kwenda yenyewe polepole, kama mtu anatoka kanisani kabla ya sadaka, hapo sasa unainua mkono. Na mahali pa kutupa unajua kwa kuangalia maji: ukiona mapovu madogo na wingu la tope linapanda, hapo iko chini inachimba.

Chambo ya carp ilikuwa muthokoi. Mahindi yetu ya kukobolewa, hii tunakula na maharagwe kila nyumba. Inachemshwa nusu tu, isiwe laini sana, na kwa sababu haina ganda inashika ndoana na carp haishtuki. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kulisha mahali. Kila asubuhi unatupa ngumi moja ya muthokoi pale pale, bila ndoana, carp izoee kuja. Ukiacha siku mbili, imehama. Hiyo ndiyo siri yote, na Chairman alinifundisha bila kunificha.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Mvua ikianza, maji yanapanda yanafunika majani ya kando, na carp zinaingia huko kutaga. Mayai yananata kwa majani. Maji yanafika kwa goti tu, migongo unaiona nje, hata mama anaweza kushika na beseni. Hapo hakuna kuvua mpaka zitoke. Kila mwaka tulikubali.

Sasa kukaja ule ukame. Mvua ilikosa, ikakosa tena. Ng'ombe ziliisha. Halafu mvua ikanyesha ghafla, na asubuhi yake majani yote yalikuwa yanatingika na carp. Watu wakaja na magunia, na neti za mbu, na mabeseni. Chairman akasimama mbele ya majani.

"Huku hapana. Upande wa kina, njooni wote, hata kama si memba. Ndoana nitagawa. Nitawaonyesha."

Na akafungua gunia lake la muthokoi, ile ya nyumbani kwake, akaanza kutupa kwa maji kwenye kina ili carp zije huko.

Watu waliacha magunia wakaangalia. Mtu hajala tangu jana, halafu anaona muthokoi inaenda kwa maji. Mama Kasyoka, jirani yetu mwenye watoto wadogo, akaweka beseni chini.

"Chairman, hiyo ungenipa nikapike."

"Mwaitu, mama yangu, ngumi moja ya hii inaweza kukupa samaki ya kulisha nyumba yote."

"Inaweza. Hizi ziko kwa majani hapa, hakuna mambo ya 'inaweza'. Watoto wangu hawali mayai ya mwaka ujao."

"Najua, mwaitu," akasema.

Makamu wake akaona nafasi. Akaita mkutano pale pale: nani anataka Chairman aendelee, inua mkono. Mimi nilikuwa tayari kupigana. Nilikuwa nimeshika beseni ya mtu nataka kuirusha. Chairman akanishika shati. "Mutinda, weka chini. Hawa ni majirani, kesho utaomba chumvi kwao."

Nikaweka beseni chini, nikainua mkono. Tulikuwa wachache sana. Nzioka akampa makamu ufunguo wa stoo ya kamba na ndoana, akachukua gunia lake na muthokoi iliyobaki, akampa Mama Kasyoka. Huyo ndiye mnaita mchoyo. Mimi niliacha kazi siku hiyo hiyo, sikungoja kufukuzwa.

Watu walikula, siwezi kudanganya. Kwa siku chache kila nyumba ilinuka samaki, na hakuna mtoto wa pale alizikwa. Lakini majani yalikanyagwa yakawa tope, na leo ukienda pale na ndoana utapata kambare tu. Carp ukiona moja, unaita watu waje waone. Chairman sasa analima ndengu Matinyani. Nikimtembelea tunaongea mambo ya mvua, na hajawahi kutaja jina la mtu hata mmoja aliyekataa kuinua mkono. Mimi nawajua wote. Mama Kasyoka nilimsamehe, wengine bado.

Basi wewe unayecheka sokoni ukiwa umeshiba: siku ile, sufuria yako ikiwa tupu na samaki inakugusa goti, mkono wako ungekuwa juu ama chini?