Nilimkemea Susu Kwenye Ukungu

Jumapili nilikuwa naongoza mbio za baiskeli huku kwetu kwenye vilima vya Iveti, njia ninazozijua tangu utotoni. Nilikuwa nimewatangazia watu wote nyumbani kwamba nitashinda. Kwenye njia panda ukungu ukanifunika, hata ndege wakanyamaza.

Nikasikia sauti nyembamba ikiita jina langu: "Mutukuuu!"

Nikageuza shingo. Hapakuwa na mtu.

Susu, nyanya yangu aliyenilea, alinionya tangu zamani: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Sikuitika. Nikakanyaga pedali kama mwizi.

"Mutuku! Rudi!"

Nikatazama nyuma. Kitu cheupe kilikuwa kinanifuata, mkono juu. Nikaanguka kwenye mkonge, nikafumba macho, nikapiga kelele: "Shindwa! Shindwa kwa jina la Yesu!"

Kile kitu kikaja kikasimama juu yangu, kinahema. Nikafungua jicho moja. Alikuwa Susu, amevaa kitambaa chake cheupe cha kanisani, anaelekeza kidole kule nyuma kwenye njia panda, nilikofaa kukata kona. Huko nikasikia wenzangu wakiteremka mbio, wakicheka.

"Mimi sijashindwa," akasema. "Ni wewe umeshindwa."