Mtani Aliyefunga Choo Msibani

Saa tatu asubuhi, jua la Oktoba limeshapamba moto juu ya mabati ya Lusaka, na mjinga wa siku ni Lyson Jere. Analikiri mwenyewe kabla hajaulizwa.

Yuko msibani. Amevaa koti lake la kanisani, mkononi ana kikombe cha maji, tena cha pili, na kiti chake amekiweka nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka turubai la wanaume, penye majani mabichi. Mtaa mzima nyasi zimekauka, zimegeuka rangi ya mkeka mkuukuu. Hapo tu ndipo pamenawiri. Anajisemea moyoni kwamba leo amepata pa ubaridi.

Kisha mguu wa kiti unazama.

"Miaka kumi na tisa naisoma ardhi," anasema Jere, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. "Nikiona kijani mwezi wa Oktoba najua chini kuna nini. Siku ile nikakiona, nikakikalia, na maji juu yake nikanywa. Kama ingekuwa ni mwingine ningemcheka mpaka Pasaka."

Kazi ya Jere ni kutunza makaro ya nyumbani, yale matangi ya chini ya ardhi yanayopokea maji taka ya choo na bafu. Hufungua mifuniko, hupima tope, huzibua mabomba, na likibidi huita gari la kunyonya. Mwezi mzuri hupata kwacha elfu nne. Mwezi mbaya hupata nusu yake, na mwezi mbaya zaidi hulipwa kuku.

Anatazama alipozama mguu wa kiti. Maji meusi yanapanda taratibu. Anainua macho. Hatua kumi na tano tu mbele yake, wanawake wamepanga foleni ya ndoo kwenye bomba la kisima cha nyumba hiyo.

Anakiweka kikombe chini.

Nyumba ni ya Kapambwe, mstaafu wa posta, aliyefariki Jumapili kwa shinikizo la damu. Ameacha mjane, Exildah, anayeitwa na wote Mama Kasuba, na watoto wanne. Karo la nyumba lilijengwa kwa watu sita. Tangu Jumapili waombolezaji waliolala hapo ni themanini: wanawake sebuleni, ambako makochi yametolewa nje, na wanaume uani kwenye moto. Wote wanatumia vyoo viwili, na wote wanakunywa maji ya kisima kimoja.

Mazishi ni kesho saa nne. Baada ya hapo watu themanini watatawanyika: Kasama, Mufulira, Mpika, kila mmoja na alichokinywa tumboni. Mvua zinakuja, na kipindupindu katika mji huu hakihitaji mwaliko.

"Nilijua hesabu hiyo kabla sijasimama," anasema Jere.

Analijua pia karo lenyewe. Yeye ni Mngoni, marehemu alikuwa Mbemba, na baina ya makabila hayo mawili kuna utani wa tangu mababu: Wangoni huitwa wala panya, Wabemba wala nyani. Mara tatu katika miaka mitatu Jere alipita hapo, akamwomba rafiki yake afungue mfuniko apime.

"Mtani, unatafuta panya wako humo," Kapambwe alimjibu. "Karo langu lina miaka kumi na moja halijajaa hata siku moja."

"Karo hujaa maji wiki ya kwanza, wewe mla nyani," Jere alimwambia. "Linalokuua ni tope. Likishapanda linatoka na maji, linaziba lile shimo la mawe linalonyonya. Kukiziba huko chini, njia ni moja tu, juu."

"Basi likija juu nitakuita, upike nalo mboga."

Walicheka wote wawili, na Jere akaenda zake.

"Mara zote tatu nilicheka," anasema sasa, na uso wake hauna kicheko. "Mtu akikuchekesha mlangoni, huwezi tena kuingia na chuma cha kupimia. Yeye alifanya utani, sawa. Mimi ndiye niliyelipwa kujua."

Sasa anasogea kwenye turubai la wanaume. Anayesimamia msiba ni kaka mkubwa wa marehemu, mzee Chilekwa, aliyefika kutoka Kasama. Wote humwita ba Chilekwa, kwa kuwa hapa jina la mtu mzima halitamkwi bila hiyo "ba" ya heshima.

"Ba Chilekwa," anasema Jere, "fungeni kisima. Maji mnayokunywa yana choo ndani."

Turubai zima linaangua kicheko.

"Haya, Wangoni wamefika," anasema mmoja. "Nilikuwa najiuliza mbona msiba umepoa."

"Mpeni nyama huyo, ana njaa," anadakia mwingine. "Akishiba maji yatasafika."

"Sifanyi utani," anasema Jere.

"Na hivyo ndivyo utani unavyoanza," anajibu ba Chilekwa, akijifuta machozi ya kicheko, cha kwanza tangu afike. "Mdogo wangu angefurahi. Endelea, mtani, ulikuwa unasema choo."

Shangazi wa marehemu, akipita na sinia, anatupa noti ya kwacha tano miguuni mwa Jere, kama desturi inavyotaka mtani atunzwe akichekesha vizuri. "Chukua ukanunue panya, baba."

Jere anaitazama noti. Mtani ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kusema lolote msibani. Anaweza kulala kaburini, akamkosoa maiti, akadai kitoweo. Lililo gumu ni kumpata wa kumwamini.

Anavua koti. Anakwenda ilipo baiskeli yake, anafungua chuma kilichofungwa kwenye fremu, kirefu kuliko yeye mwenyewe, ambacho hakibandui hata Jumapili. Anarudi kwenye majani mabichi, anakichoma ardhini, kinaingia kama kwenye nshima, ugali wa moto. Anakichomoa. Kimetoka kimevaa weusi, na anawapelekea wanaume mmoja mmoja, chini ya pua.

Hakuna anayecheka.

"Mfuniko uko wapi?" anauliza.

Hakuna anayejua. Kapambwe aliujua, na Kapambwe yuko mochwari. Jere anaupata mwenyewe kwa kugongagonga ardhi: ni lile zege bapa karibu na jiko la nje, ambalo wapishi wamelifanya meza. Juu yake kuna kisu, kabichi tatu zilizokatwakatwa, na beseni la dagaa wa kapenta.

"Ondoa mboga, mama," anamwambia mpishi.

"Na watu wale nini?"

"Hizi wasile."

Anaunyanyua mfuniko kwa mtaimbo. Harufu inatoka, inapita kwenye turubai, inaingia sebuleni kwa madirisha. Wanaume wawili wenye nguvu zao wanasogea kutaka kusaidia, mmoja anainama achungulie.

"Toa kichwa." Jere anamvuta kwa ukosi wa shati mpaka anakaa chini. "Hapa mtu haingizi kichwa. Kaa mbali, hewa itoke."

Hilo halikutoka kitabuni. Mwaka wa 2008 alikuwa kibarua wa bwana mmoja aliyewashusha watu makaroni kwa ngazi na ndoo. Mwenzake Besa Mwila aliingia kwenye karo lililofunguliwa dakika hiyo hiyo. Alifika chini, akakaa kama mtu aliyechoka. Wa pili akamfuata kumtoa, naye akakaa. Jere alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi pale mtu alipomshika mkanda wa suruali kwa nyuma.

"Wote wawili walitolewa safi, hawana hata mchubuko," anasema. "Hewa ya mle haikupigi. Inakulaza tu. Mkanda ule bado ninao, umechakaa, sivai mwingine."

Tangu siku hiyo hashuki, wala hamwachi mtu ashuke. Hutumia mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe: anauteremsha mpaka chini, anausubiri, anauvuta polepole. Palipo na weusi ndipo tope lilipofika. Likizidi theluthi moja, gari liitwe. Kwa familia ya kawaida ni kila baada ya miaka mitatu hivi. Safari moja ya gari ni kwacha elfu moja na mia tatu, na kila anayeisikia bei hiyo humwambia Jere kwamba karo lake halijajaa.

Leo weusi umepita katikati ya kitambaa na kuendelea, umebakiza kiganja kimoja tu.

"Ba Chilekwa," anasema, na safari hii sauti yake iko chini. "Kisima kifungwe sasa hivi. Maji yanunuliwe kwenye kioski, na yachemshwe. Vyoo vifungwe, majirani watuazime vyao. Na gari lije leo."

Ba Chilekwa anaangalia geti. Anaangalia watu wake. Ni mzee aliyesafiri siku nzima kuja kumzika mdogo wake, na yote yaliyofanyika hapo tangu Jumapili amehakikisha yamefanyika kwa heshima.

"Kisima nafunga," anasema. "Vyoo nafunga. Gari, hapana. Saa nane leo jeneza linaletwa, mwili ulale nyumbani kwake. Gari litakuja kesho kutwa."

"Kufunga mlango wa choo hakuondoi kilichomo. Karo limefurika, na si wote themanini watakaokwenda kwa jirani. Atakayebanwa ataingia chooni kwa dirisha."

"Litavujia kwenye majani."

"Majani yako hatua kumi na tano kutoka kisimani, mzee, na huku chini ni mwamba wenye nyufa. Kinachomwagwa hapa anakinywa na jirani."

"Jere." Mzee hajasema mtani. "Umeshawahi kumzika mdogo wako?"

"Nimewahi."

Watu wamewazunguka, hakuna aliye upande wa yeyote.

Ukimuuliza Jere anataka nini katika kazi hii, hataji gari lake mwenyewe, ingawa angelipenda. Anataka rangi. Nyumba arobaini za mtaa wake tayari zina alama nyeupe ukutani, inayoonyesha mfuniko ulipo, na chini yake mwaka karo lilipofunguliwa mara ya mwisho. Ameapa kuzifikia zote mia mbili na kumi kabla mvua hazijakolea.

"Mwenye nyumba hufa, na ni yeye peke yake aliyejua mfuniko ulipo," anasema. "Na sipiti tena mlangoni nikicheka. Anitanie atakavyo. Napima kwanza, ndipo namjibu."

Mlango wa nyuma unafunguka. Mama Kasuba anatoka sebuleni, kitenge begani, miguu mitupu, wanawake wawili wamemshika mikono. Tangu Jumapili hajavuka kizingiti; mjane hukaa chini na kunyamaza mpaka azike. Madirisha yalikuwa wazi, na amesikia kila neno.

Anautazama mti wenye kitambaa cheusi. Anaitazama foleni ya ndoo, ambamo wamo wanawe wawili.

"Ba Jere," anasema, "hilo gari liko wapi?"

"Sokoni, mama. Nusu saa."

"Likaite."

Ba Chilekwa anamsogelea, kwa upole, kama amwendeaye mgonjwa. "Rudi ndani, shemeji yangu. Hili ni letu wanaume. Wewe unajua watu watasema nini, gari la mavi likitangulia jeneza getini?"

"Waseme, shemeji," anajibu Mama Kasuba. "Asiyesema ni maiti, na huyo tunaye mmoja. Anatutosha."