Protini Iliyovalishwa Koti

Fundi picha wa maabara, ambaye kazi yake ni kupaka rangi molekuli kwenye kompyuta, alihisi kuna mkono wa mtu. Jana aliiacha rangi ya protini nyepesi kama kioo, dawa mpya ionekane ndani yake. Leo ilikuwa nzito kama ukuta.

“Shemeji, nani kaiziba?” alimuuliza mtafiti, mdogo wa mumewe.

“Mimi. Si inapendeza? Kesho mkutanoni ndiyo ushahidi wangu kwamba dawa inaishika protini.”

“Ushahidi gani huo wa kuvaa koti?”

Akaipunguza rangi taratibu. Dawa ilikuwa inaelea mbali na shimo la protini inapotakiwa kushika, haijagusa popote.

“Shemeji, utanimwagia unga!”

“Na mgonjwa atakayeimeza naye ni mdogo wa mtu.”

Akaihifadhi picha vilevile, nyepesi, na kuifunga kwa nywila yake.