Siku Baba Alipokuwa Mstari wa Boksi

Jamani, kuna aibu zinazoisha mtu akihama mtaa, na kuna hii yangu, ambayo mpaka leo nikiingia kantini lazima mtu alie "meee" halafu ajifanye anakohoa. Nacheka nao, nitafanya nini? Lakini siku yenyewe sikucheka hata kidogo, kwa hivyo wacha niwaeleze ilivyokuwa, ili wanaonilia meee angalau wawe wanajua wanacholilia.

Mimi ni kipa na kapteni wa timu ya mpira ya wasichana hapa chuoni kwetu, nje kidogo ya Voi. (Msiulize uwanja wetu ukoje. Ni udongo mwekundu, magoli mawili, na miiba ambayo hakuna anayejua inatoka wapi, maana miti yenyewe iko mbali.) Sasa baba yangu ni mkulima kule Mghange, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na tangu aambiwe binti yake anadaka mipira alikuwa hajafurahi hata siku moja. Yeye alinileta chuo nisome, si nijitupe mchangani mbele za watu. Likizo iliyopita akaniambia wazi niache. Nikamsihi, "Baba, njoo unione mara moja tu. Ukiona ni upuuzi, naacha, na sitakusumbua tena." Akaendelea kuchambua maharagwe yake, halafu akasema, "Nitakuja." Basi hiyo mechi yetu ya nyumbani na wageni kutoka Mombasa ndiyo ilikuwa ya kuamua kama nitabaki kipa au nitatundika glavu.

Asubuhi ya mechi kochi akatuambia chokaa imeisha, tucheze tu na mistari ya zamani, ile ambayo huioni mpaka uiname. Mimi roho ikaniuma. Nilitaka Baba akute uwanja unaofanana na uwanja, boksi jeupe, mambo safi. Na hapo ndipo nikakumbuka kwamba chini ya kitanda changu kuna unga wa mahindi, ule Mama aliosaga akanifungia muhula ulipoanza, na ukaingia wadudu kwa sababu mwenzenu nilikuwa nashinda kantini nikila chapati. Nikajiambia, nyeupe ni nyeupe. Nikabeba mfuko, nikafagia mstari wa zamani ili unga ukae vizuri (eti ukae vizuri!), nikachora boksi la goli moja, lile lililo karibu na viti vya wageni, maana unga haukutosha mawili.

Achieng, beki wangu na ndiye ninayelala naye chumba kimoja, msichana wa hapa hapa Voi, kota za reli, akasimama akanitazama. "Kapteni, si hiyo ni ugali unamwaga?"

"Hii ni chokaa ya leo," nikamwambia. Na kusema ukweli ilipendeza, hata kochi alipita akaniambia kazi nzuri.

Baba akafika na koti lake la kanisani na kofia, akapewa kiti karibu na kochi. Kipindi cha kwanza nilikuwa goli la upande wa pili, nikadaka mpira mmoja mkali sana, nikachungulia kama ameona. Nikamkuta ameinama anaondoa mwiba kwenye kiatu. Mapumziko tukaenda bila bao, tukakaa kivulini tukinywa maji, na tukiwa pale pale tukasikia watu wanacheka, si kicheko cha kawaida, kile cha watu kutoa simu. Kugeuka, mbuzi wa majirani wameingia uwanjani. Ni kiangazi, majani hakuna, wanyama wa watu wanashinda wakilamba vumbi, na leo wamekuta mezani kumeandaliwa. Walikuwa wamejipanga kwenye boksi langu kama wanafunzi kwenye foleni ya chakula, wanalamba mstari kwa utaratibu, wakitoka kona ya kulia kuelekea kushoto.

Tukakimbia kuwafukuza, wakatukwepa wakarudi. Basi Baba akainuka. Akaingia uwanjani na koti lake, akapiga mluzi wa meno ule wa nyumbani, akanyoosha mkono, na wale mbuzi wakageuka wote wakatoka. Watu wakampigia makofi. Mimi nikaanza kupumua, kumbe bado. Akainama, akachota kidogo kile cheupe kilichobaki, akanusa, akaja moja kwa moja hadi nilipo.

"Wakesho, chokaa ya wapi hii inanukia mahindi?"

Nikatamani ardhi ipasuke. "Ni unga wa Mama, Baba. Uliingia wadudu."

Akapangusa vidole polepole. "Mama yako tusimwambie," akasema, na sikujua kama hiyo ni huruma au ndiyo hasira yenyewe.

Sasa refa naye akasema bila boksi hakuna mechi, wageni watapewa ushindi. Tukachora kwa kijiti, upepo ukafuta. Kona ya kushoto ilikuwa imesalia, ya kulia ndiyo haikuwa na kitu kabisa, imelambwa mpaka udongo unang'aa. Refa (naye alitaka kwenda nyumbani, nilimwona usoni) akamwangalia Baba. "Mzee, kwa vile umetusaidia na mbuzi, tusaidie na hili. Simama hapa, usisogee. Wewe ndiye boksi." Nikajua atakataa na aondoke zake. Hakukataa. Alivua kofia, akaibana kwapani, akasimama wima kama anaimba wimbo wa taifa.

Basi kipindi chote cha pili nikadaka huku baba yangu akiwa hatua chache mbele yangu, vumbi linampiga, mipira inampita masikioni, na yeye hasogei. Mwanzoni nilishindwa hata kutoa sauti kwa aibu. Lakini mpira ukikushika unasahau. "Achieng, mtu nyuma yako! Rudini, rudini! Mkamburi, toka nao!" Mkamburi, winga wetu, akatoka na mpira kweli, akaenda mpaka mbele, akafunga. Bao moja kwa bila, na tukishinda tunaingia fainali. Nikaona mambo yamekubali.

Dakika za mwisho wageni wakapiga mpira mrefu. Nikatoka mbio, nikajirusha, nikaukumbatia karibu na miguu ya Baba. Wageni wote, "Nje! Nje! Ameshikia nje!" Refa alikuwa mbali. Akaja anahema, akatazama chini, hakuna mstari. Akainua macho.

"Mzee, alikuwa ndani au nje?"

Mimi niko chini bado nimekumbatia mpira, namtazama Baba kutoka kule chini. Akatazama viatu vyake. Akanitazama mimi.

"Nje," akasema. "Mikono ilipita viatu vyangu."

Kadi ya njano, frikiki, bao. Sare, na sare iliwatosha wageni. Fainali tukaisikia kwa watu.

Achieng akanipita akisema, "Kapteni, babako ametuuza mchana peupe," lakini huyo huyo ndiye aliyeenda kumpelekea maji. Mimi nikajificha nyuma ya goli nikalia. Baba akanifuata, kofia bado kwapani.

"Nimekuharibia mchezo."

"Hapana, Baba. Nilikuwa nje kweli."

"Si waliniambia mimi ndiye boksi?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Nikacheka na kamasi zinatoka.

Nikamsindikiza hadi getini. Nikaona nimalize mwenyewe kabla hajaniambia. "Baba, nilikuahidi. Umeona upuuzi wote siku moja. Naacha."

Akasimama. Akanifuta vumbi usoni kwa kidole gumba. "Nyumbani wewe huongei," akasema. "Ukiitwa, mama yako hurudia kukuita kwa sababu hajasikia ukiitika. Leo nimesimama pale nikakusikia unaamrisha watu, nao wanakimbia. Nikageuka kuangalia ni nani." Akavaa kofia yake. "Usiache."

Kuhusu unga nimeapa. Chokaa ikikosekana tutacheza bila mistari tugombane mpaka jioni, na chakula cha Mama nitakila chote, na wadudu wake ikibidi. Ila kesho yake Mama alinipigia simu kuniuliza ni mpira gani huo nilimwonyesha mume wake, maana tangu arudi hajanyamaza, na hapo tulipokuwa tukiongea alikuwa nje amejilaza chini na koti la kanisani, anamwonyesha jirani jinsi binti yake anavyoruka.